Wali wa Kawaida

Fusae Horiuchi, kinyozi wa mtaa wa Kaskazini Ishirini na Nne mjini Sapporo, Japani, hakuwa na habari ya kulia wala kushoto. "Kichwa magharibi kidogo, mzee," alimwambia mteja, na mteja wa Sapporo akageuza kichwa magharibi bila kuuliza. Mji wetu ulichorwa kwa rula, kila mtu anajua kaskazini iko wapi hata akiwa bafuni. Wageni ndio waliopata tabu. Tokuji alikuwa mgeni, katoka Aomori, ng'ambo ya bahari, kuja kuchimba handaki la treni kabla ya ile michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Aliambiwa mashariki, akageukia magharibi, wembe ukamla sikio.

"We vipi? Kwenu jua linachomoza wapi?" Fusae akafoka.

Kesho yake jamaa akarudi na bandeji, nywele za kukata hana. Mwaka haukuisha wakaoana.

Hakuna aliyeuliza ukoo wa Tokuji. Huku tuulizane ili iweje? Babu yake Fusae alitoka Toyama na jembe na blanketi moja, majirani zake walitoka Sendai na kwingineko, na hata jina la mji ni la Waainu, waliokuwa hapa kabla yetu na ambao hatukuwaomba ruhusa. Basi hatuna makuu. Asubuhi tunagombana, nani kamsukumia nani theluji mlangoni, jioni tumezunguka jiko moja tunachoma nyama ya kondoo na bia mkononi.

Tokuji alifariki mapema. Fusae akamlea binti yao wa pekee, Chinatsu, kwa mkasi ule ule. Binti akaenda kusoma Kyoto, akarudi anasema kulia na kushoto, na ana mchumba, kijana mpole aitwaye Yoshinobu. Wazazi wa kijana wangekuja kuonana na Fusae, nao wakiridhika, ndoa ipo.

"Mama, nakuomba kitu kimoja," Chinatsu alisema. "Wali mwekundu wa sherehe usipike ule wetu."

"Wetu una nini?"

"Una sukari, mama! Pinki, halafu maharage ya peremende ndani! Kyoto wanatia maharage madogo ya kuchemsha, na chumvi, basi. Wakiuona wa kwetu watadhani tunawafanyia masihara."

"Wali nimekulisha siku zote za furaha, leo umekuwa masihara?"

"Mama, tafadhali. Yule mama yake Yoshinobu ni mtu wa mambo yake."

Fusae aliumia, tena sana. Kama mtoto anamwonea haya akiwa hapa hapa nyumbani, akishaolewa huko mbali si ndiyo basi tena? Lakini alimeza, kwa sababu alimpenda Chinatsu kuliko wali. Kwa kuwa hakuiamini mikono yake, ambayo ingetia sukari yenyewe, akaenda kuagiza dukani.

"Nataka wali mwekundu. Usiniletee mbwembwe," akamwambia muuzaji. "Wa kawaida tu, wanaokula watu wa kawaida."

"Wa kawaida. Umepata, dada," muuzaji akasema.

Siku ikafika. Mkwe, Bi Hisayo, mama yake Yoshinobu, aliingia na kimono cha kijivu kisicho na kunyanzi hata moja, mumewe na kijana wao nyuma yake. Salamu zikaenda vizuri, wakainamiana mpaka viuno vikachoka. Chinatsu akafunua sanduku la wali.

Pinki! Pinki ya kuumiza macho, na maharage manono yanang'aa sukari.

"Mama," Chinatsu akanong'ona, uso umempauka, "umefanya makusudi."

Fusae akalikumbuka agizo lake la dukani. Wa kawaida! Ukimwambia mtu wa Sapporo akupe wa kawaida, akupe upi mwingine? Lo, ujinga gani huu!

Bi Hisayo akaonja kwa ncha ya vijiti, akatafuna taratibu.

"Kitafunio kitamu kabisa," akasema kwa adabu iliyokata kuliko wembe. "Na wali wenyewe unakuja saa ngapi?"

Yoshinobu akapaliwa na chai. Fusae akapiga magoti, jasho linamtoka. "Mtuwie radhi, wakwe zangu, dukani wamekosea, mimi niliagiza..."

Hapo Chinatsu akaiona mikono ya mama yake ikitetemeka. Mikono iliyonyoa makoo ya wanaume miaka nenda rudi, leo inatetemeka mbele ya sanduku la wali, kwa ajili yake yeye. Aibu ikamshika, safari hii kwa nafsi yake.

"Hawajakosea," akasema. "Mama, kaa. Bi Hisayo, wali wenyewe ndio huu. Sisi kwetu ndio tunaokula, na nikiolewa, siku za furaha nitapika huu huu."

Bi Hisayo akaweka vijiti chini.

"Maharage haya kwetu huyapati," akasema hatimaye.

"Mama atanitumia."

Fusae akainuka haraka kwenda jikoni, ati kuchemsha chai, na chai ilikuwa imeshaletwa. Akasimama mbele ya jiko akalia kwa furaha, aproni mdomoni asisikike. Kwa hiyo hakumwona mkwe akisogeza bakuli, alimsikia tu:

"Niongezee kidogo basi, mwanangu. Bora nianze kuzoea mapema."