Upande wa Sauti Fupi

Juzi sokoni Shinyanga muuza ngoma alitikisa njuga mbele yangu ili ninunue, na papo hapo nikawa mtoto wa darasa la tatu tena, niko pekupeku, vumbi la uwanja wa shule yetu karibu na Tinde limenipanda hadi magotini. Njuga sikununua. Nilisimama tu nikicheka peke yangu, muuzaji akaniona mwehu.

Kiingereza tulifundishwa na Mwalimu Rehema, mgeni kutoka Tanga, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alitaka tusikie tofauti ya sauti fupi na sauti ndefu. "Ship," anasema, analikata kama anayefunga mlango. "Sheep," anasema, analivuta mpaka nyusi zinapanda. Sisi tuliyaitikia yote mawili sawasawa, tena kwa furaha. Basi akachora mstari katikati ya uwanja: huku sauti fupi, kule sauti ndefu. Akitamka neno, kila mtoto akimbilie upande wa neno hilo.

Maskini, hakujua tulikotoka. Kwetu Usukumani ngoma mbili za njuga zikishindana, watazamaji ndio waamuzi. Unakwenda kwenye ngoma inayokuvutia, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Upande wa sauti ndefu alikuwapo Masanja, mchezaji wa kuzaliwa, anayetikisa mabega mpaka unasahau ulichotumwa. Nani angebaki kwenye sauti fupi? Darasa zima lilihamia kwa Masanja, neno liwe lolote, na Mwalimu akashika kichwa.

Mimi nilikuwa naisikia tofauti. Kisukuma chetu cha nyumbani nacho kina maneno ya kuvuta na ya kukata, masikio yangu yalishazoea. Ila kusimama peke yangu niliona aibu, nikawafuata wenzangu. Tatizo likawa siku ya wazazi. Baba, aliyekuwa akichimba dhahabu Geita na kuja nyumbani kwa nadra, alikuwa ameahidi kufika, na mchezo ule ungechezwa mbele yake. Nilitaka anione nikipatia.

Alifika kweli, na shati jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Mwalimu Rehema akapaza sauti: "Ship!" Masanja akatikisa mabega, wenzangu wakamiminika kwake wakishangilia. Mimi nikabaki upande wa sauti fupi, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Baba akainuka kwenye benchi. Akavuka uwanja, akaja kusimama kando yangu, akaanza kucheza ngoma akiwa ndani ya shati lake jipya.

"Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, maana ndivyo alivyoniita, kwa kuwa nilibeba jina la mama yake, "usihame. Ngoma yetu ni hii."

Mama naye akaja na vigelegele, akafuata mama Masanja, kisha benchi zima. Mwisho Masanja mwenyewe akahama. Mwalimu Rehema alicheka mpaka machozi, akipiga kelele, "Amepatia! Huyu mtoto amepatia!"

Kwa miaka mingi nilijivuna kwamba baba yangu mchimbaji aliijua sauti fupi ya Kiingereza. Nilipokuwa mtu mzima nikamuuliza aliitambuaje.

"Kiingereza? Mimi?" Alicheka sana. "Nilikuona uko peke yako, mayu, nikaja."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba angekuja hata kama ningekosea.