Gari Lisilo na Paa la Kyeshero

Shemeji yangu ndiye aliyenitumia picha. Ni mtu wa kutuma vitu kwenye simu kutwa nzima: video za ndoa, bei ya saruji, maombi ya kuombea wagonjwa. Safari hii lilikuwa gari. Dogo, jekundu, la viti viwili, limekaa chini kabisa karibu liguse ardhi, halina paa. Aliandika kwamba ni gari la kale la Waingereza, limetengenezwa upya lote, na linauzwa hapa hapa Goma. Kwa mzaha akaongeza kwamba nimnunulie.

Nililitazama kwa muda. Usukani ulikuwa upande wa kulia, na taa za mbele zimetokeza kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla. Nikampigia muuzaji, nikamwuliza alilitoa wapi. Akasema alilinunua Kyeshero, kwa watoto wa muzee mmoja marehemu aliyekuwa anauza vitenge. Kesho yake nikaenda kuliona, ingawa sikuwa na nia wala uwezo wa kununua.

Muuzaji ana gereji nyuma ya ukuta wa mawe meusi, upande wa Himbi. Ni mwanaume wa makamo, mwenye sauti ya taratibu, na analipenda gari lile kweli.

"Yote ni mupya, maman," aliniambia, akifungua boneti. "Motere ni ya Japon. Freni ya mbele ni ya diski. Zamani hizi gari zilikuwa zinachemuka hata mu mupando kidogo, sasa tulitia radiatere mukubwa. Kya Waingereza kilichobakia ni sura tu."

Akanifungulia mlango nikae. Kiti kilikuwa cha ngozi, kinanuka upya wa dukani.

"Na haikutembea sana," akasema. "Muzee alikuwa anaichunga tu pa nyumba. Safari hata moja haikufanya."

Sikumsahihisha. Nilikaa pale, mikono juu ya magoti, kama mgeni sebuleni kwa watu.

Wewe unayeijua Kyeshero ya leo, yenye ghorofa na mageti ya chuma, itabidi uniamini tu. Wakati huo ilikuwa nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano, na kati ya nyumba na nyumba palikuwa na uzio wa mawe yaliyopangwa bila udongo, ambao mtoto angeweza kuuruka na kuku angeweza kuupita akitaka. Asubuhi tulishuka ziwani na bidoni za njano kuchota maji. Tukirudi, nyayo zinauma kwa changarawe kali, tulikuta mama amewasha makaa na sambaza, vile vidagaa vya ziwani, zinalia ndani ya mafuta. Harufu ile ilivuka nyumba zote. Ungeweza kujua nani ana mboga na nani hana kwa kusimama tu njiani na kuvuta pumzi.

Tuliishi na nyanya yangu, mama mzazi wa mama, ambaye sote tulimwita Koko. Alitoka upande wa Bukavu, na magoti yake yalikuwa yamekataa kazi zamani. Alikaa mlangoni juu ya mkeka akichambua maharage na kupokea habari za mtaa. Kuku wake walizunguka pale, na mmoja, jike mwenye shingo tupu, alikuwa kama mtoto wake wa mwisho.

Upande wa pili wa uzio alikaa muzee jirani, mtu wa Butembo, muuza vitenge, mrefu, mwenye maneno machache. Gari lile alikuwa ameachiwa na mzungu wa shamba la kahawa aliyeondoka nchini kwa haraka. Watu wazima walisimulia kwamba aliliendesha msimu mmoja, mke wake pembeni amefunga kitambaa kichwani kwa sababu ya upepo, kisha motere ikafa, na vipuri havikupatikana Goma wala Kampala. Mimi nililikuta tayari limelala chini ya shitingi, ile plastiki ya misaada ambayo nusu ya mji ilijengewa.

Lakini muzee hakuliacha life. Kila Jumapili baada ya Misa, kabla hata ya kuvua koti, aliondoa shitingi, akafuta jivu, akapaka mafuta palipotaka kutu, kisha akachukua pompi ya baiskeli na kujaza magurudumu. Sisi watoto tulikaa juu ya uzio tukisikiliza ile sauti ya upepo ukiingia, fyu, fyu, fyu. Hakutufukuza, na hakutukaribisha.

Aliyeharibu mambo ni kuku wa shingo tupu. Alipata njia chini ya shitingi, akaanza kutaga kwenye kiti. Jumapili moja muzee alikuta mayai yamepasuka na uji wa njano umekauka kwenye mishono. Alimshika kuku miguu, akamrusha upande wetu juu ya mawe. Hakufa, lakini alichechemea wiki nzima. Koko, kutoka mlangoni, alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba kitu kisichotembea si gari, ni kiota, na kwamba kuku ana akili kuliko mwenye nyumba.

Toka siku hiyo hawakusalimiana tena. Kanisani familia yetu ilikaa kushoto, yao kulia. Mama yangu alijaribu kupatanisha, mke wa muzee akajaribu, padri pia. Muzee alisema anangojea kuombwa samahani. Koko alisema kuku ndiye anayengojea.

Hali ilikuwa hiyo mpaka mlima ulipofunguka.

Sitaki kukueleza volkano; kama ni mtu wa Goma unayo ya kwako. Nakumbuka harufu, kama viberiti elfu vimewashwa mahali fulani. Nakumbuka wingu lililofanya mchana uwe na rangi ya chai. Watu wa mjini walikuwa wanapita tayari kuelekea Sake, magodoro kichwani, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma mizigo, zimebeba vitanda na wagonjwa, magurudumu yake ya mbao yanakwaruza mawe. Wakasema moto umeingia mjini, umekata barabara, na upande wa pili watu wamekimbilia Gisenyi.

Baba yangu alikuwa Kisangani kikazi. Mama alifunga nguo na sufuria, akampa kila mtoto kitu cha kubeba, kisha akasimama mbele ya Koko. Tulijaribu kumwinua. Alipiga hatua chache akishika mkono wa mama, akakaa chini tena.

"Muniache hapa," alisema. "Mupeleke batoto."

Mama alirudi kwenye godoro. Alianza kulia bila sauti, akiwa bado anafunga kamba ya godoro.

Upande wa pili wa uzio, muzee na mke wake walikuwa wamelivuta gari nje ya kiwanja. Walikuwa wamelijaza marobota ya vitenge hadi juu, ile biashara yao yote, wakiyafunga kwa kamba ili walisukume hadi Sake. Muzee aliinua macho akatuona. Alituangalia, akamwangalia Koko pale chini, kisha akaanza kufungua kamba.

"Papa, unafanya nini?" mke wake aliuliza.

"Naondosha."

"Na bitenge?"

"Biache."

"Biashara yetu yote iko mule."

"Nimesema biache mu nyumba."

Akayarudisha ndani, robota moja baada ya jingine. Mke wake alisimama kidogo, kisha naye akabeba. Walipomaliza, muzee alifunga mlango kwa kufuli na kuja mbele ya mkeka wetu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ndani ya kiwanja chetu.

"Mama, uingie mu gari," alisema.

"Sitaingia mu gari yako," Koko akajibu. "Weye ulitupa kuku yangu."

"Mama, moto inakuya."

"Basi ikuye."

Muzee alimnyooshea mkono. Watu walikuwa wanapita nyuma yake kwa mamia, na jivu lilikuwa limeanza kutukalia mabegani. Koko alimtazama toka chini hadi juu.

"Kuku nayo itapanda?"

"Itapanda."

"Na ikitaga?"

"Itage."

Ndivyo Koko alivyobebwa na kuwekwa kwenye kiti cha ngozi kilichopasuka, kuku mapajani, mdogo wangu wa mwisho kwenye kiti cha pili pamoja na sufuria. Kwa kuwa gari halikuwa na paa, muzee aliweza kutembea ubavuni na kushika usukani kwa mkono mmoja. Nyuma walisukuma mama, mke wa muzee na binti yake mkubwa. Mimi nilishika mlango nikatembea. Magurudumu yalikuwa yamejaa upepo, kama kila wiki.

Barabara ya Sake ina mipando na miteremko ambayo mtu wa pikipiki haioni. Sisi tuliiona yote. Mipandoni mama na wenzake walilaza vifua juu ya gari wakasukuma kwa miili. Wapita njia wengine walitusaidia kidogo kisha wakaendelea na mizigo yao. Koko alikaa wima, kitambaa kimefungwa vizuri, akipokea salamu za watu aliowajua kana kwamba anapelekwa kwenye ubatizo.

Karibu na Mugunga pana mteremko mrefu. Muzee aliwaambia walishike gari, maana freni zilikufa pamoja na motere. Walilishika. Kisha mama akateleza kwenye changarawe, mikono ikawaponyoka, na gari likaondoka.

Sijawahi kusikia muzee akipiga kelele isipokuwa siku ile. "Mutoke! Mutoke mu njia!" Alikimbia ubavuni, kisha hakuweza tena kukimbia kwa kasi ile, akajirusha tumbo juu ya mlango, miguu nje, mikono kwenye usukani. Watu waligawanyika kushoto na kulia, magodoro yakianguka. Nilimwona kuku akiruka juu na kutua tena. Mwanaume wa chukudu aliacha kila kitu na kuruka shimoni. Mbele palikuwa na mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, hasikii. Muzee alivuta usukani wote, gari likapita nyuma yake, likatoka barabarani, likapanda rundo la udongo wa pembeni na kusimama, likiwa limeinamia upande mmoja.

Tulifika tukihema. Mdogo wangu alikuwa amekumbatia sufuria. Muzee alikuwa bado amelala juu ya mlango, shati limechanika, damu kwenye kiwiko. Koko aliweka kitambaa chake sawa, akamgeukia.

"Kumbe inatembea," alisema.

Muzee alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini udongoni, na Koko naye akacheka akiwa ameshika kuku, na sisi tuliosimama pale hatukujua kama inafaa kucheka, kwa sababu nyuma yetu mji ulikuwa unaungua.

Tulilala uwanja wa shule ya Mugunga, familia mbili chini ya shitingi moja. Tulikula maharage yenye mchanga wa jivu. Yalikuwa yanalia menoni.

Tuliporudi Kyeshero, moto haukuwa umefika kwetu. Waliofika ni watu. Kufuli ya muzee ilikuwa imevunjwa na marobota hayakuwepo hata moja. Alisimama mlangoni kidogo, akatafuta ufagio, akaanza kufagia jivu. Mke wake alianza upya kwa kuuza ndizi kando ya barabara, na miaka ikapita kabla ya kuwa na duka tena. Sikuwahi kumsikia yeyote kati yao akilitaja jambo hilo mbele yetu. Koko alitutuma na mayai upande wa pili kila Jumapili, na muzee alikuwa anayapokea kwa mikono miwili. Sasa wote wawili wamelala makaburini. Kiwanja cha muzee kimegawanywa, chetu kimeuzwa, na uzio wa mawe ulisagwa ukawa changarawe ya ghorofa la mtu.

Muuzaji aliwasha gari ili nisikie. Motere ilikuwa safi, haina kelele. Nilimshukuru nikaenda zangu.

Jioni nilimpigia mama, ambaye anaishi Bukavu kwa kaka yangu. Nikamwambia nimeliona gari la muzee jirani, wamelipaka rangi nyekundu.

"Ile ya bluu?" aliuliza.

"Ilikuwa kijani, mama."

"Kijani wapi? Nilisukuma ile gari siku muzima, uso wangu kwa rangi yake. Ilikuwa bluu."

Hatukukubaliana. Nikamwuliza muuzaji; akasema walipolichukua lilikuwa kutu tupu, mvua na jivu vilishakula rangi yote. Nikatafuta namba ya binti mkubwa wa muzee, aliyesukuma pamoja na mama na ambaye sasa ni nyanya mwenyewe huko Butembo. Hatujaonana tangu mazishi ya baba yake. Nilimwandikia salamu ndefu, nikamwuliza habari za watoto, nikamkumbusha ile safari, na mwisho nikauliza rangi.

Jibu lilikuja siku ya pili, neno moja.

Nyeupe.