Firigisi ya Mzee Bulaimu

Tangu aolewe na Octave, mwalimu wa fizikia mjini Kasongo, Inês hakuwahi kuosha hata kijiko katika ua wa mama mkwe wake. Miaka mitatu! Akiingia tu, kiti kinatolewa ndani, kinapanguswa kwa kitenge, anakalishwa. Akiomba mchi atwange sombe, yale majani ya muhogo, wakamwana wenzake wanampa, wanacheka, wanampiga picha kwa simu, kisha wanamnyang'anya kwa upole. "Mama Inesi, upumuzike. Utaumia mikono."

Hakuwa mtu wa kuumia mikono, nawaambia. Alizaliwa shambani, huko Ureno, akakua akichuma zeituni na kunyonyoa kuku wa bibi yake. Alikuja huku Maniema, mashariki mwa Kongo, na shirika la kuchimba visima, na siku yake ya kwanza kule Nyangwe alikuwa shimoni, tope hadi kiunoni, akibishana na mwalimu mmoja mwembamba aliyedai kwamba pampu imefungwa vibaya. Ilikuwa imefungwa vibaya kweli. Mwalimu huyo ndiye Octave. Mkataba wa shirika ulipokwisha, wenzake walipanda ndege, yeye akabaki, akaolewa.

Mwingine angekifurahia kiti kile. Inês kilimkera. Laetitia, mke wa mdogo wake Octave, aliwahi kufokewa juma zima kwa ajili ya chumvi iliyozidi, na Inês, amini usiamini, alimwonea wivu. Mgeni hafokewi. Anayefokewa ni mtu wa nyumbani, na hicho ndicho alichokitaka kuliko kitu chochote hapa Kasongo.

Basi ikafika Jumamosi ya mahari ya Cécilia, kitinda mimba wa nyumba ile. Wakwe walikuwa wanatoka Wamaza, kule Kabambare, kwa pikipiki sita, wakiongozwa na mzee Bulaimu, baba mkubwa wa bwana harusi. Mzee ni Mwislamu, kwa hiyo kuku wake alichinjwa na jirani Mwislamu, ili ale bila wasiwasi. Mama Dieudonnée, mama mkwe mwenyewe, aligawa kazi asubuhi na mapema: huyu sombe, huyu bugali, huyu maji. Alipofika kwa Inês alitabasamu, akamwonyesha kiti.

Saa sita wageni wakaingia. Wakati huohuo mtoto wa Laetitia akaanza kulilia nyonyo.

"Inesi, unipakulie kuku ya muzee," Laetitia akanong'ona, "mie ninyonyeshe huyu."

Inês aliruka kutoka kitini. Akapakua mapaja, akapakua kifua, akamwagia mchuzi wa mawese. Kisha ndani ya sufuria, chini kabisa, akaiona firigisi. Kwa bibi yake firigisi ilikuwa haki ya mpishi, ikiliwa kwa kusimama, palepale motoni. Akaitia chumvi na pilipili, akaila. Ilikuwa tamu ajabu.

Haukupita muda, bakuli likarudi limefunikwa, kuku hajaguswa. Mzee Bulaimu alikuwa amepekua kwa kidole kimoja, hakuiona firigisi, akalifunika tena. Uani kila mtu alielewa. Firigisi ni ya mkubwa wa wageni. Asipoipata, maana yake yuko mwingine aliyeheshimiwa kumzidi. Watu wameshawahi kurudi na mahari yao kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Nani alipakua?" Mama Dieudonnée akanguruma.

Wakamwana wakageukia sufuria zao.

"Ni mimi, mama," Inês akasema. "Na firigisi niliikula mimi."

Sauti ya mama ikashuka papo hapo. "Aaa. Basi, haina neno. Weye uko mugeni, hukujua. Octave, enda uwaambie ni muzungu ndiye alikula. Watacheka, itaisha."

Na ingeisha kweli. Octave alikwisha inuka. Lakini Inês aliona wazi kwamba akisamehewa hivyo leo, mbele ya ukoo mzima, atabaki mgeni mpaka azeeke. Akamshika mumewe shati.

"Mama, kama ingekuwa Laetitia ndiye alikula, ungemuambia nini?"

"Laetitia?" Mama alishangaa. "Laetitia ningemuuliza kama kwao hakuna wazee. Ningemuuliza nani alimutuma kutia mukono ndani ya sufuria ya wakwe. Siku ya mahari! Tangu asubuhi niko nakimbia, kichwa inaniuma, na weye unasimama pale, unatafuna! Unatafuna firigisi ya muzee! Inesi! Meno yako haina haya?"

Mama alikwisha kuvuka kutoka kwa Laetitia hadi kwa Inês bila kujijua, na hakurudi nyuma. Alifoka kwa Kiswahili, akafoka kwa Kizimba, akamkatia faini: jogoo mmoja kutoka banda lake Inês, sasa hivi, amnyonyoe yeye mwenyewe. Na kwanza aende akapige magoti kwa mzee.

Inês akaenda, akapiga magoti.

"Nilikula mie, muzee. Pardon. Jogoo yangu iko inakuja."

Mzee Bulaimu akamwinamia. "Ilikuwa tamu?"

"Sana."

Mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Akasema watangoja, kutoka Wamaza ni mbali, hawakuja kukimbizana.

Jogoo akakamatwa, jirani akamchinja, na Inês akachutama juu ya beseni la maji moto, manyoya mpaka kwenye nywele. Mama Dieudonnée alimsimamia kichwani, mikono kiunoni, hajapunguza hata kidogo. "Manyoya ile unaachia nani? Haraka! Mukamwana gani huyu!"

Octave alikuja akainama karibu na mkewe. Akaona machozi yanamtiririka mashavuni, akaingiwa na huruma.

"Pole, mke wangu. Nimuambie mama anyamaze?"

"Thubutu!" Inês akamwambia. "Umuache. Bado hajamaliza."