Wa Kwanza Kutua Anachagua Upande

Baba yangu alikuwa na mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Nalisema waziwazi kwa sababu yeye alilisema waziwazi, kila siku, kwa yeyote aliyekaa kwenye kibanda chake cha kushona pale sokoni Nyakasanza, mjini Bunia. Ulikuja kushonesha mfuko wa shule wa mtoto, uliondoka umepewa somo la parashiti, utake usitake.

Kabla ya kurudi Bunia alikuwa mwalimu katika kituo kimoja cha kuruka toka ndegeni kwa parashiti kule Kinshasa. Wanafunzi walishuka polepole, kila mtu na hofu yake. Lakini wakubwa walikuwa na mchezo wao, kutua kwa mbio: unapiga kona kali ungali juu, parashiti inainama na kuchota kasi, halafu unapita juu ya majani viatu vikigusa umande. Akifika hapo mikono yake iliacha cherehani. "Mama," aliniambia, maana kwetu baba humwita binti yake mama, "hakuna kitu tamu kama ile. Na hakuna kitu inaua bule kama ile."

Ndiyo maana kulikuwa na kanuni, nami nilizijua kabla ya kujua sala. Wenye mbio wana uwanja wao na wenye pole wana wao, hawachanganyiki. Aliye chini ndiye mwenye njia, wa juu amwachie. Hakuna kupiga kona ukishashuka karibu na kimo cha miti, hata uone nini mbele yako. Na ile kubwa kuliko zote: wa kwanza kutua ndiye anachagua upande. Wote walio juu wanatua kuelekea upande uleule, hata kama upepo umegeuka, hata kama wanamwona mjinga. "Afazali siye bote tukosee upande mumoja," alisema, "kuliko kila mutu awe na haki yake na tugongane."

Siku ya mguu, mwanafunzi wake alitangulia kutua, tena kwa upande mbaya. Baba, mwalimu mzima, mbele ya watu, aliona haya kumfuata. Akashuka kwa mbio upande anaoutaka yeye, akaona mtu anamjia uso kwa uso, akapiga kona chini kabisa, mguu ukavunjika. Alilala hospitali mpaka mvua za mwaka zikaisha. Hakumlaumu mtu. "Kiburi yangu," alisema tu, akaendelea kushona.

Nyumbani hatukuwa na ndege, tulikuwa na soko. Basi kanuni zake zikawa desturi ya familia. Tukiingia sokoni siku ya watu wengi, aliyetangulia anachagua njia, wengine wanafuata bila kuitana, na aliyechagua habadili. Mama yangu, Mungu amrehemu, alimcheka mpaka siku zake za mwisho: "Weye mutu ya mawingu, hapa ni soko ya mihogo!" Cheka usicheke, hatukupotezana hata mara moja.

Vita vilipofika mtaani kwetu nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na mume sikuwa naye. Alikwenda kuchimba dhahabu, na huko dhahabu ikampendeza kuliko sisi. Nilirudi kwa baba, tukawa watatu. Asubuhi moja milio ya bunduki ikasogea mpaka tukasikia mabati ya jirani yakipigwa, na barabara ikajaa watu, magodoro, mbuzi, sufuria vichwani.

"Baba, twende!"

"Tangulia."

"Siendi bila weye."

Alikuwa anafunga cherehani yake kwa kamba, taratibu, kama mtu anayefunga kazi jioni. Nilitaka kumpiga.

"Angalia barabara, mama. Ile ni mbio. Miye na hii muguu nikiingia mule, nitaangusha batu ao banikanyage. Wenye mbio kwabo, wenye pole kwabo. Nitatoka kesho, batu bakipunguka. Sema, unashika njia gani?"

"Ya Komanda."

"Basi ni Komanda. Miye niko nyuma yako."

Nilisonya. Ndiyo, nilimsonya baba yangu, nikakaza kitambaa cha mtoto nikatoka. Hata kumshika mkono vizuri sikumshika, maana nilikuwa na hasira na ule ukaidi wake, na nilikuwa na uhakika kesho kutwa nitamgombeza vizuri zaidi.

Kwenye njia panda nje ya mji tulikutana na watu waliokuwa wanarudi kutoka upande wa Komanda, wanalia, wanasema mbele barabara imekatwa. Umati wote ukageuka kuelekea ziwani. Nikasimama kidogo, watu wakanisukuma, mtoto akaanza kulia. Nikageuka nao.

Nilijiambia baba atasikia habari ileile, kila mtu atamwambia. Nilijiambia hivyo njia nzima mpaka Tchomia, penye meza za kuanikia samaki zilizoachwa pamoja na samaki wake, na niliendelea kujiambia ndani ya mtumbwi tulipokuwa tunavuka kwenda Uganda. Uongo mtupu! Nilimjua baba yangu. Ningeweza kumwachia neno mtu mmoja pale njia panda, mwanamke yeyote, mzee yeyote. Sikumwachia mtu.

Kule ng'ambo nilikaa miezi mingi, nikimtazama kila mwanaume anayechechemea. Nilikosa sauti ya cherehani yake mpaka masikio yakaniuma. Nilimkosa hata akirudia yale masomo yake ambayo zamani yalinichosha. Nilikuwa mtu mzima na mtoto wangu, lakini usinicheke, nilitaka baba.

Bunia ilipotulia kidogo nilirudi. Nyumba ilikuwa haina mlango, na jirani ndiye aliyenieleza. Baba alitoka kesho yake asubuhi, kama alivyosema. Barabara ya Komanda ilikuwa imefunguka tena, lakini hakuna aliyeiamini. "Tulimuambia batu bote bameenda ku ziwa, na weye pia, hakika. Akakatala. Akasema, mutoto yangu alisha kuchagua, hawezi kubadilisha."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi.

Siku iliyofuata nikaishika njia ya Komanda, nikiuliza nyumba kwa nyumba. Siku ya pili nilimkuta mama mmoja anamenya mihogo kando ya barabara. Nikamuuliza kama aliona mzee anayechechemea. Akaweka kisu chini.

"Ule muzee wa parashiti?"

Moyo wangu, eh Mungu wangu!

Baba alifika kwake amechoka, akaomba maji, halafu akakataa kuendelea. Kila siku alikaa mbele ya ile nyumba na kuuliza kila mpita njia kama ameona binti mwenye mtoto mgongoni. Watu walimwambia afuatane nao mpaka Beni. Alijibu kwamba binti yake yuko mbele ao yuko nyuma, lakini yuko kwa njia hii. Majuma mawili. Halafu homa ikamshika, na hapakuwa na dawa. Walimzika nyuma ya jiko.

Yule mama akanitazama. "Ni weye binti yake?"

"Hapana, mama," nikasema. "Miye ni jirani tu."

Mpaka leo sijui maneno yale yalitoka wapi. Niliona haya. Sikuweza kumwambia mwanamke aliyemuuguza baba yangu kwamba mimi ndiye niliyegeuka.

Alinipeleka nyuma ya jiko. Nikasimama kama jirani anavyosimama, nikalia kidogo, kwa kipimo cha jirani.

"Ukimuona binti yake," akasema, "umuambie akuye kwangu. Muzee aliniachia neno yake."

"Niambie miye, nitamufikishia."

"Hapana. Aliniapisha. Ni ya masikio yake peke yake."

Akamtazama mtoto mgongoni mwangu. Akaningoja. Nikamshukuru kwa yote, nikaondoka.

Nilivumilia juma moja, kisha nikarudi kumwambia ukweli. Mapigano yalikuwa yamepita pale. Nyumba ilikuwa tupu, majivu jikoni yamepoa, na hakuna aliyejua amekimbilia wapi. Nimemuulizia Komanda, nimemuulizia Beni, nimemuulizia Gety. Miaka imepita, mtoto wangu sasa ni mrefu kuliko mimi, na bado nikiona mwanamke anamenya mihogo kando ya barabara nashuka kwenye pikipiki kumtazama uso. Nalitaka lile neno. Hata kama ni tusi, nalitaka.