Kidole Nilicholinyooshea Boga

Nilipoolewa Mlingotini nilikuwa bado msichana wa kucheka hovyo. Nyuma ya jiko la mama mkwe, pale tulipomwaga majivu, mche wa maboga ulijiotea, ukapanda paa la makuti, ukazaa boga moja tu, kubwa kama mtungi. Mama mkwe akaliweka kwa futari ya mwezi mosi wa Ramadhani.

Kwetu boga likiwa mcheni halinyooshewi kidole, litaoza. Ukitaka kulionyesha, unafumba ngumi. Nililijua hilo tangu utoto. Lakini siku moja, kwa furaha, nikamwita wifi yangu: "Wifi, njoo uone lilivyonenepa, lile pale!" Na kidole kimenyooka kama msumari.

Wifi akashika kiuno. "Ole wako! Mama akilikuta limeoza, utarudi kwenu Fukayosi kwa miguu, na mkeka kichwani."

"Sasa nifanyeje?"

"Uma kidole."

"Si dawa ya aliyesonta kaburi kwa kidole hiyo?"

"Uma tu, bibi harusi! Una jingine?"

Nikauma. Akasema vyote kumi. Nikauma vyote kumi, naye yuko chini anagaragara kwa kicheko, nami nacheka na machozi yananitoka.

Tangu hapo, kila alfajiri nilipindua kinu, nikapanda juu yake, nikaligonga boga nisikie kama limelainika. Mama mkwe akanikuta. "Mkwe wangu, huko juu unambishia nani hodi?" Nikasema natazama paa kama linavuja. Na mvua haijanyesha mwezi mzima!

Mwezi ukaandama. Kesho yake alasiri boga likateremshwa, mama mkwe akanipa kisu. "Lipasue wewe." Nikafumba macho, nikakandamiza. Likapasuka kwa mlio. Ndani njano kama kiini cha yai, mbegu tele! Nikakaa kitako juu ya machicha ya nazi, nikacheka na saumu yangu, wifi naye akaangua. Mama mkwe akadhani njaa imetupanda kichwani, mpaka wifi alipomweleza.

Akanishika mkono, akaugeuza huku na huku. "Basi mkono huu una heri. Mbegu zote zako, mwaka huu utapanda wewe."

Nikaziosha palepale, nikazianika kwenye ungo, nikizigeuza moja moja kwa raha. Adhana ya magharibi ikatukuta boga lingali jikoni, tui halijatiwa, na wanaume barazani wanafungua kwa tende na maji.