Darubini ya Miguu Mirefu

Siku ile nilikuwa nimekaa nje ya nyumba za askari, pale Dodoma, nasafisha bunduki kwa mafuta, na mke wangu Nyemo ananisema kwamba mafuta mengi nimeyamwaga kwenye mkeka wake. Vita tulikuwa tunaisikia kama unavyosikia ugomvi wa jirani: ipo, lakini haijagonga kwako. Ilikuwa mbali, kaskazini huko, na sisi askari wa Mjerumani tulikuwa tunalinda reli na visima. Kazi yenyewe ilikuwa kula vumbi na kufukuza ng'ombe relini. Nilikuwa na raha, nasema kweli. Nyemo alikuwa na mimba, ya kwanza kushika baada ya mbili kutoka, na kila jioni kulikuwa na ugali wa uwele na mlenda.

Akaja ombasha wetu, yaani mkubwa wa askari wachache sisi. Aliitwa Kapela, Mnyamwezi, mfupi, mashavu tele, shingo huioni ilipo. Mimi Mgogo, kwa hiyo yeye ni mtani wangu. Zamani babu zake walipita kwetu na misafara ya pembe, na babu zangu wakawatoza hongo, yaani ushuru wa kupita, hata kwa kunywa maji. Utani ukaanzia hapo. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akafunua chungu chako, akaondoka na kuku wako, nawe ucheke tu. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

"We Mgogo, acha kumbembeleza huyo chuma," alisema. "Mke yupo hapo. Twende, Bwana Hapana anatuita."

Bwana Hapana alikuwa Mjerumani wa kikosi chetu. Jina tulimpa sisi, maana katika Kiswahili chote neno hilo ndilo alilolipenda. Mezani kwake palikuwa na sanduku lililochukuliwa kwa mzungu mmoja wa mashamba, mwindaji wa tembo. Ndani mlikuwa na darubini mbili za kufunga juu ya bunduki, na vyuma vya kuzishikilia, ambavyo sisi tuliviita miguu. Akatuambia tuzijaribu, tuchague moja, kisha twende karakana ya reli wakaifunge. Atakayeiweza vizuri zaidi ndiye atakayeibeba. Tulitoka pale tumevimba vichwa, si kidogo.

Tulikwenda kwenye mawe ya upande wa Nzuguni. Kapela alipaka kibuyu chokaa, akakiweka juu ya jabali la mbali, mbali kabisa, kilionekana kama jino. Darubini moja ilikuwa ndefu, ya shaba, nzuri hata kuitazama. Asubuhi ilikileta kile kibuyu hadi usoni. Kapela akaipenda pale pale.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Naona mpaka sisimizi."

"Subiri jua lipande," nikamwambia.

Nyika ya kwetu naijua. Jua likishapanda, ardhi hutoa mvuke, na vitu vya mbali hucheza kama vipo chini ya maji. Darubini kubwa hukuza na ule mchezo pia. Mchana kibuyu kilikuwa kinaruka huku na huku, na ukipumua tu kimekupotea, maana kile kidirisha chake kilikuwa chembamba: ukimwona mbuzi, humwoni mchungaji. Ile nyingine, fupi, nyeusi, haina sura, ilikuza kidogo tu, lakini kibuyu kilitulia, na pembeni yake uliona kichaka, njia, na mtu akipita. Tena jua lilipozama, ile fupi bado ilikuwa na mwanga wakati ndefu imeshaingia giza.

Kapela akaguna. "Haya. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi."

Ubishi ukahamia kwenye miguu. Palikuwa na mifupi na mirefu. Kapela alitaka mifupi, ili darubini ilale karibu na mtutu na shavu likae vizuri kwenye mti wa bunduki. "Mtaka cha mvunguni huinama," alisema. Nikamwonyesha: ukiinua kile kipini cha kupakilia risasi, kinagonga darubini. Halafu adui akikukaribia ghafla, huna pa kulengea, kwa sababu darubini imefunika alama za bunduki yenyewe. Miguu mirefu inaacha nafasi chini yake. Unalenga mbali kwa juu, karibu kwa chini.

"Na shavu?"

"Langu linafika."

Kweli lilifika, kwa huu uso wangu mrefu. Yeye akilaza shavu, jicho lilikuwa linatazama vyuma. Akiinua kichwa hadi kwenye darubini, kidevu kinaning'inia hewani na bunduki inayumba. Alijaribu, akakosa, akajaribu tena, akakosa. Nilicheka hadi nikalala chini. Akaniita twiga, akasema Mungu alipogawa shingo Wagogo walisukumana. Fundi wa karakana aliifunga ile fupi kwa miguu mirefu, akachomeka kipande cha bati pale ilipolegea, nami nikakivunja kibuyu. Bwana Hapana alitazama, akasema, "Hapana mbaya." Bunduki ikawa yangu.

Nilitembea nayo miezi kadhaa kama bwana harusi. Nilimpa hata Nyemo achungulie, akamwona mama mmoja kisimani, mbali, anajipangusa kamasi kwa kanga. "Kumbe hivi ndivyo Mungu anavyotuona," alisema, na siku nzima akawa anajipangusa kwa adabu.

Kisha vita ikagonga.

Watu walianza kushuka kwa njia ya Kondoa na mifugo yao. Nyuma yao, walisema, wanakuja wazungu wa farasi, wengi. Wakubwa wetu waliamua kuuacha mji. Garimoshi la mwisho lilikuwa linapakia wagonjwa na chakula, na sisi wengine na wanawake tutoke kwa miguu kuelekea kusini. Lakini wale wa farasi, wakiwahi kisimani, wakanywesha, watatufikia kabla hatujapata umbali.

Bwana Hapana akaninyooshea kidole. Mwenye darubini abaki juu ya mawe, upande wa kaskazini, juu ya kisima. Awazuie wasinyweshe. Apewe na askari wawili wa kumlinda ubavuni.

Hakuna aliyesema kwamba mtu huyo harudi. Haikuhitaji kusemwa.

Nyemo alikuwa amejifungua juzi yake, mtoto wa kike. Nilikwenda kumuaga. Nilimwambia nitawakuta njiani. Alinitazama, akamtazama mtoto, akaniambia nifunge kamba ya kiatu. Niliogopa, sitaki kuficha. Niliogopa mpaka vidole havikuweza ile kamba, akanifungia yeye.

Nilipotoka, Kapela alikuwa mlangoni. Akanyoosha mkono, akaichomoa bunduki begani mwangu.

"Hongo, Mgogo," alisema. "Leo natoza mimi."

Nikacheka, kwa mazoea. Halafu nikaona hairudishi.

"Lete, Kapela. Si wakati wake."

"Utani una saa?"

"Haikufai. Shavu lako halifiki, unajua mwenyewe."

Akatoa mfukoni kitambaa cha kaniki kilichokunjwa na kushonwa, kinene kama mkate. Akakiweka juu ya mti wa bunduki, pale shavu linapolala, akakaza kamba zake. Zilikaa sawasawa. Zilikuwa zimepimwa. Akalaza shavu, jicho likaingia kwenye darubini bila kuhangaika.

Ile kaniki niliijua. Ilikuwa ya Nyemo. Baadaye aliniambia Kapela alimwomba kipande siku nyingi nyuma, akidai anataka kutengeneza mto maana mto wake una kunguni, naye akampa huku akimtania. Tangu siku nyingi, basi. Tangu watu walipoanza kushuka kutoka Kondoa, mtani wangu alikuwa anashona.

Nilimshika mkono. Alinitazama bila kucheka, mara moja tu.

"Ukininyang'anya utakuwa umevunja utani," alisema. "Na mimi ni ombasha wako. Kamchukue shemeji."

Bwana Hapana alituona, akaja na hapana yake. Kapela akalala chini vumbini, akamwonyesha jinsi alivyoishika. Mjerumani akatazama ile kaniki, akanitazama mimi, akasikia mtoto analia ndani.

"Haya," alisema.

Nilimbeba mtoto. Nyemo alitembea akishikilia mkanda wangu.

Tulikuwa hatujafika Mkonze tulipoanza kuisikia ile bunduki. Mlio mmoja. Kimya kirefu. Mlio mmoja.

Hivyo ndivyo mtu anavyopiga akiwa anaona vizuri.

Baadaye ikaja milio mingi kwa pamoja, ya bunduki nyingine. Kisha ule mmoja tena. Nyemo akasema, "Bado yupo." Tukaenda. Hatukugeuka nyuma.

Jua likiwa limeshuka, hatukusikia kitu tena.

Wale askari wawili walitukuta Mkonze wamembeba Kapela. Risasi ilimpata tumboni, akafa njiani. Darubini waliipondaponda kwa mawe, kama alivyowaagiza. Walisema farasi walizuiwa mchana kutwa, na jua lilipopanda, mvuke ulipokuwa unacheza, Kapela alikuwa anasema, "Yule twiga alikuwa na akili."

Tulimzika pale pale, haraka. Wenzake Wanyamwezi wakasimama, wakanitazama. Mtani ndiye anayesema msibani. Mtani huwatukana wafu, huwachekesha wafiwa, hulala kaburini akazuia lisifukiwe mpaka apewe kitu. Nilifungua mdomo. Nililia mbele ya watu, nikashindwa hata neno moja la mzaha, na mmoja wao akanigeuzia mgongo. Alikuwa na haki. Mtani akilia, nani atawanyamazisha wenye msiba?

Nguo za askari nilizivua mwezi uleule, nikarudi kwa wakwe zangu kulima. Mjerumani aliondoka, akaja Mwingereza, ikaja njaa ambayo sitaki kuieleza, na ile ikatuacha pia. Binti yetu alikua, akaolewa, akazaa wanawe. Nyemo na mimi tulizeeka pamoja, tukigombana kuhusu mafuta na mikeka, mpaka alipolala asiamke. Maisha yangu yamekuwa mazuri. Nayasema hivyo kwa sauti, kwa kuwa kuna watu huona ni adabu kuyalalamikia.

Kapela hakuacha mke wala mtoto. Nilimtafuta ndugu yake hata Tabora, sikumpata. Kwa hiyo hakuna niliyeweza kumpa pole, wala aliyewahi kunidai. Vijana huniuliza kama moyo huniuma. Huniuma, ndiyo. Lakini kuku aliyechukuliwa na mtani halipwi. Na mimi hiki nilichopewa sikuweza kukilipa, wala kukikataa. Nilichoweza ni kukila chote, bila kununa.