Moshi Kifuani mwa Dokata

Sogeeni karibu kidogo, maana habari za Dokata hazitaki kusimuliwa mbio. Mwenye chai na aiweke chini, asije akaimwaga.

Dokata alikuwa mjane wa Kiborana. Alikuwa na binti mmoja, Tiya, aliyeolewa mbali kule Merti. Kazi yake ilikuwa maziwa, pale liliposimama lori la Kinna kila asubuhi hapa mjini Isiolo. Lori lilishusha gorfa, vile vyombo vyetu vya kusukwa kwa nyuzi za mizizi, na kila gorfa ilikuwa ya mama fulani kule waliko ng'ombe. Yule mama ana mwanamke wake wa mjini. Wa mjini huuza maziwa, huiosha gorfa, huifukiza kwa kijinga cha moto mpaka ndani inukie, kisha huirudisha na lori, pamoja na sukari na majani ya chai. Gorfa ikirudi bila moshi, au ikirudi imechelewa, safari nyingine hupelekwa kwa mkono mwingine. Hakuna anayekugombeza. Unaona tu gorfa yako imekaa mbele ya mwenzako.

Moshi wa Dokata ulikuwa na sifa. Isacko mwenye hoteli, mtu mgumu wa kusifu, alikuwa akinusa gorfa yake kwanza kabla hajamsalimia mtu.

Mwaka wa sabini na tisa Dokata alipapasa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kama kokoto chini ya ngozi. Akanyamaza nacho. Alinyamaza msimu mzima, kwa sababu kulala hospitali ni kukosa lori, na kukosa lori mnajua maana yake. Alipokwenda hospitali ya misheni upande wa Meru, wakalikata titi lote. Kisha wakamwambia aende Nairobi kwenye mashine ya miale: achomwe nusu ya matibabu, arudi nyumbani apumzike wiki chache, kisha aende amalizie nusu iliyobaki.

"Na kazi uiache," daktari akasema. "Usibebe, usikae na moto."

"Niiache mpaka lini?"

"Mpaka upone."

Hapo ndipo alipokwama. Akiacha mpaka apone, atapona akiwa hana gorfa hata moja. Asipoacha, huenda asipone. Akampelekea neno hilo Sadia, mwenzake aliyekaa naye bega kwa bega pale stendi ya lori tangu wote wawili wakiwa wasichana.

"Wewe nenda, Mama Tiya," Sadia akamwambia. "Mimi nashika gorfa zako. Ukirudi unazikuta hapa hapa. Wallahi."

Basi akaenda. Alilala kwa jamaa zake huko Islii, mtaa wa Nairobi, na kila asubuhi akapelekwa kwenye mashine. Ngozi ya kifua ikawa nyeusi kama chini ya sufuria. Muuguzi mmoja alimweleza kwa Kiswahili, pole pole: "Mama, hapa usitie sabuni, usitie mafuta, usipeleke joto lolote. Ngozi yako imeiva kutoka ndani. Bado tu kidonda kujitokeza nje." Dokata akaitikia. Ilipofika siku ya kupumzika, akapanda basi kurudi Isiolo.

Alitakiwa alale nyumbani. Lakini ndugu zangu, ungelala wewe? Kesho yake alikuwa kwenye lori. Akaziona gorfa zake zote zimepangwa mbele ya Sadia, na Sadia anapima maziwa bila kuinua uso.

"Salaam aleikum, Sadia."

"Aleikum salaam. Umerudi? Si ulisema iko nusu imebaki?"

"Nimekuja kushika zangu mpaka nirudi Nairobi."

Sadia akasukuma gorfa mbili kwa mguu. Dokata akakaa, na kabla hajafungua kifuniko Isacko akafika na debe lake. Akainama kama kawaida yake, akanusa. Akanusa tena, safari hii akimnusa mtu, si maziwa.

"Wewe mama, unanuka dawa."

"Ni nguo, Isacko. Maziwa haijaguswa."

"Nguo gani? Hospitali nzima umekuja nayo hapa." Akageuka kwa watu, maana alikuwa anapenda watu wakimsikiliza. "Mwanamke amekatwa titi anatuuzia maziwa! Hebu niambieni, na ng'ombe yake imebaki na chuchu ngapi?"

Wakacheka. Wanawake wa maziwa ndio waliocheka zaidi, na mmoja akafunika uso kwa shuka ili acheke vizuri. Dokata alirudi nyumbani na gorfa mbili zilizojaa, na jioni maziwa yakaganda.

Sadia akamfuata. Alikaa kwenye kigoda, akamshika mkono.

"Isikusumbue. Hii ni harufu tu. Gorfa ikinuka unafanya nini?"

"Naifukiza."

"Sasa? Tukizaa tunafukizwa, tukiolewa tunafukizwa. Jifukize, Mama Tiya. Dawa ya wazungu itoke. Isacko mwenyewe atarudi."

"Waliniambia nisipeleke joto."

"Hao wanaijua Borana? Wanajua moshi?"

Na Dokata, aliyejua moshi kuliko mtu yeyote mjini, akaona maneno hayo ni kweli. Moshi ulikuwa umesafisha kila kitu alichopata kukishika maishani. Usiku ule ule alichimba kishimo, akatia makaa na vipande vya mti wake mzuri, ule wa kufukizia gorfa. Akajifunika blanketi, akainama, akaelekeza kifua pale pale palipokatwa. Paliuma. Akasema, iume, ndiyo inatoka.

Asubuhi alinukia vizuri. Isacko akainama, akanusa, akasema, "Sasa!" Akanunua. Watu wakanunua. Dokata alirudi nyumbani akiimba, akachochea makaa tena, na siku iliyofuata tena. Mwisho ngozi ikainuka kama utando wa maziwa ya moto, ikashikana na nguo. Alikuwa anampimia Isacko wakati nguo ilipolowa mbele ya watu, maji ya manjano yakashuka mpaka kiunoni.

Sadia alikuwa ameketi pembeni yake. Akavuta gorfa zake mbali kidogo, akasema kwa sauti ya kusikika, "Sasa inanuka kitu kingine."

Nairobi walimkemea sana. Mashine haiwezi kupiga juu ya kidonda, wakamrudisha nyumbani kipone. Kilikaa muda mrefu bila kufunga. Kilipofunga akaenda tena, na daktari akampapasa kwapani, akakuta uvimbe mwingine, akaacha kukemea. Wakampa vidonge vya maumivu. Nusu ile nyingine hakuipata kamwe. "Sasa pumzika tu, mama," wakamwambia.

Sadia alikuja kumwona, na sukari mkononi, na salaam ndefu za kuulizia kila mtu.

"Gorfa zangu?" Dokata akauliza.

"Ah, gorfa zimezoea mkono mwingine. Wewe kaa. Watu watakusaidia."

"Sadia. Ulijua itanichoma?"

"Nilijua nini? Mimi nilikaa Nairobi na daktari, ama ni wewe?" Akasimama, akakung'uta nguo. "Haraka ya kurudi ilikuwa yako."

Watu wameniuliza mara nyingi kama Sadia alijua. Sijui, na aliyejua amekufa. Ninachojua ni kwamba alichukua gorfa karibu zote na hakurudi tena pale nyumbani.

Basi Dokata akakaa, na ule msaada ukaja siku chache, ukachoka. Ilibaki gorfa moja tu, ya mwanamke mzee wa Rapsu ambaye habari hazikumfikia. Dereva wa lori aliishusha mlangoni kwa Dokata, na siku ya kwanza Dokata aliwamwagia mbwa wa jirani yale maziwa. Siku ya pili, Akuam akapita. Huyu alikuwa Mturkana muuza makaa kutoka Chechelesi, mtaa wa Waturkana hapa mjini, aliyemletea ule mti wa kufukizia miaka yote.

"Wewe Borana, mti hutaki siku hizi?"

"Wa nini? Hakuna anayenunua."

"Wako wamekataa. Wetu umewauliza?" Akuam akaangalia kifua chake bila kujificha. "Kweli wamekata yote? Haya, beba. Ama huwezi? Leta mimi nibebe."

Chechelesi hawakumpokea kwa upole, nisiwadanganye. Wanawake walimzunguka. "Onyesha!" wakasema. "Onyesha kwanza tuone!" Mmoja akavuta nguo kwa kidole. Dokata akasimama katikati na gorfa yake.

"Nunua kwanza," Akuam akawaambia. "Hakuna bure hapa."

Wakacheka, wakaleta vikombe. Mmoja akanywa pale pale, akafuta mdomo, akasema, "Titi Moja, moshi yako ni tamu." Jina likakaa. Watoto walilisema, wazee walilisema, walilisema usoni mwake kila siku, na kila siku gorfa ikarudi tupu. Alikwenda hivyo hadi mwaka wa themanini na mbili, kwapa likivimba na mkono wa kushoto ukiwa mnene kama wa mtu mwingine. Tiya alikuja kutoka Merti akamlilia aache, aende akae naye afe kwa heshima. Dokata akamuuliza, "Nikikaa kwako nitaitwa nani? Mgonjwa?" Tiya akarudi peke yake.

Siku moja Akuam aliingia akamkuta amekaa chini na gorfa katikati ya magoti, anajaribu kuizungushia kijinga. Mkono ule mnene haukuinuka hata kidogo.

"Kesho nani anapima?" Akuam akauliza.

"Mimi."

"Kwa mkono gani?"

Dokata akaukabidhi mkono wa kulia kile kijinga, akaikaza gorfa kwa magoti.

"Huu," akasema. "Shika mdomo wa gorfa, uache maneno. Moshi unatoka."